Nani Kawachinja Mbuzi wa Goba?

Juzi baba alinipigia simu asubuhi, mapema kuliko kawaida yake, kuniarifu kwamba Mzee Awadhi amefariki na atazikwa baada ya swala ya adhuhuri. Nilikuwa jikoni namwagia kuku maji ya moto nimnyonyoe. Ile harufu ya manyoya yaliyolowa mnaijua, ninyi wa rika langu mliolelewa kabla kuku hawajaanza kuuzwa wakiwa wamegandishwa ndani ya mifuko. Nilisimama palepale na simu sikioni, nikalia mpaka mwanangu akaja mbio akidhani nimeungua. Nikamwambia kuna babu mmoja amefariki. "Babu yetu?" akauliza. Nikashindwa kumjibu upesi, maana jibu la haraka lilikuwa hapana, na lisingekuwa la kweli.

Mzee Awadhi alikuwa na duka kwenye kona ya mtaa wetu kule Gongo la Mboto. Babu yake alitoka Uarabuni, yeye alitoka hapohapo, na duka lilikuwepo kabla wazazi wangu hawajafika na masanduku yao kutoka Njombe. Alikuwa mwembamba, mkali kwa watoto wanaoshikashika pipi, na kila Krismasi asubuhi alikuja kwetu na kisu chake kikiwa kimefungwa kwenye kitambaa cheupe. Baba anamtoa kuku bandani, Mzee Awadhi anakunja mikono ya kanzu, anaelekea kibla, anasema Bismillahi, na shughuli inakwisha. Mchana anarudi na mkewe na wajukuu, pamoja na nusu ya mtaa, wanakula pilau la mama. Idi ikifika tunahamia kwao sisi. Nyama ikishachinjwa na Mwislamu kila mtu anaila, basi ndivyo ilivyokuwa, na sijawahi kusikia kwamba watu walikaa kikao kulijadili.

Kwa kuwa hapakuwa na kikao, na mimi hakuna aliyenieleza. Nilikuwa na miaka minane hivi na nilijieleza mwenyewe. Niliona kwamba baba yangu, mwanaume mzima, karani wa ofisi ya mjini mwenye tai mbili, akitaka kula kuku wake mwenyewe anaita jirani aje amchinje. Yeye anashika miguu tu, tena kageuza uso kuelekea mpapai. Hitimisho langu lilikuwa moja: baba anaogopa damu.

Niliona aibu, na niseme ukweli, aibu hiyo ilinikaa. Sisi tulikuwa jirani na kambi ya jeshi, na nusu ya wenzangu kanisani walikuwa watoto wa wanajeshi. Rafiki yangu mkubwa, Glory, baba yake alikuwa mwanajeshi mwenye mabega, mtu ambaye hata akisali unaona kama anatoa amri. Siku moja Glory alimkuta Mzee Awadhi akituchinjia kuku. Alisimama getini akatazama mpaka mwisho, kisha akanivuta pembeni. "Baba yako anaogopaga kuku?" Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa anataka kujua tu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kila mwaka wiki moja kabla ya Krismasi, kanisa letu lilipeleka zawadi kwenye kituo cha kulelea watoto kule Goba. Mama ndiye aliyekuwa mwalimu wa shule ya Jumapili, siku nyingine akiwa mwalimu wa shule ya msingi, na hakubadilisha sauti kati ya kazi hizo mbili. Kila mtoto alitakiwa kuandaa boksi la viatu: madaftari, kalamu, sabuni, mafuta ya kujipaka, pipi, halafu kitu kimoja chako mwenyewe, kisichochanika wala kuvunjika, ambacho ukikitoa kitakuuma kidogo. Mama alikagua maboksi yote. Ukiweka mdoli asiye na mkono anakurudishia mbele za watu. Mimi niliweka shanga zangu za nywele, nyekundu na nyeupe, kopo zima, na ziliniuma si kidogo. Mwezi huo mama alikuwa pia ametufundisha kwamba mtoto wa Yesu haapi, anasema ndiyo au hapana, yanaishia hapo. Alituambia viapo vyote tulivyookota mtaani tuviache mtaani.

Mwaka ule mzee mmoja wa kanisa alitoa mbuzi wawili kwa ajili ya pilau la watoto. Wakaletwa kwetu kwa sababu ua wetu ulikuwa na geti. Baba yake Glory alipita Ijumaa jioni, akawapapasa shingo, akasema yeye atakuja alfajiri awamalize, kazi ya dakika mbili. Baba akamshukuru sana, akamwambia asijisumbue, ameshapanga. Nilikuwa nimekaa kizingitini nachambua mchele, nikajua amepanga nini. Nilitamani ardhi inimeze pamoja na ungo wangu.

Alfajiri niliamshwa na mlio wa mbuzi. Nikachungulia dirishani. Mzee Awadhi alikuwa ameshainama, na baba amepiga magoti kwenye matope ya jana, amekumbatia miguu minne ya mbuzi anayepigana, suruali imechafuka mpaka mapajani. Kageuza uso kuelekea mpapai. Nikarudi kitandani nikajifunika shuka kichwani.

Tulisafiri kwa Kosta ya kukodi, maboksi yamepangwa nyuma, masufuria ya pilau katikati yamefunikwa kwa vitenge. Pilau lilikuwa limepikwa uani kwetu tangu mapema, na basi zima lilinukia bizari mpaka watoto wakawa wanaimba huku wanameza mate. Glory alikaa na mimi. Tulipofika milima ya Goba, basi likaanza kukoroma kwenye udongo mwekundu, yeye akauliza, kama mtu anayeuliza saa:

"Mbuzi kawachinja nani? Maana baba yangu alijitolea, mkamkatalia."

Nikasema, "Baba."

"Baba yako?" Aligeuka mwili mzima. "Wote wawili?"

"Wote wawili. Peke yake."

"Eh," akasema Glory, kwa heshima kabisa. Akanipa nusu ya pipi yake iliyokuwa tayari mdomoni, na nikaipokea. Sijui kama nimewahi kufurahia uongo kama nilivyofurahia ule. Niliunyonya pamoja na pipi mpaka tukafika.

Kituoni watoto walikuwa wamepangwa mistari miwili mbele ya baraza, wamepakwa mafuta wakang'aa. "Shikamooni!" wakatuamkia kwa pamoja kabla hatujashuka wote. Mama mlezi, mama mnene mwenye ushungi wa kijani na sauti ya chini, alitupokea mmoja mmoja kwa mikono miwili. Utaratibu ulikuwa kwamba kila mtoto wa kwetu anapewa mwenzake wa pale. Unampa boksi, mnacheza, kisha mnakula sinia moja. Mimi nilipewa Mwanaidi, msichana aliyenizidi kimo kidogo, mwenye macho ya mtu anayekupima kabla hajakusalimia.

Alifungua boksi taratibu, akatoa kitu kimoja kimoja na kukilaza kwenye mapaja. Alipofika kwenye kopo la shanga alilifungua. Na mimi ndipo nikaona, dakika hiyohiyo, kwamba kichwa chake kimenyolewa kipara, na vichwa vya watoto wote pale vimenyolewa vipara, wa kike kwa wa kiume. Nilikuwa nimemletea shanga za nywele msichana asiye na unywele hata mmoja. Masikio yangu yakawaka moto.

"Nzuri," akasema Mwanaidi. Akachomoa uzi kwenye pindo la gauni lake, akaanza kuzitunga palepale, nyekundu nyeupe, nyekundu nyeupe. Akaufunga uzi mkononi mwake. Kisha akatunga mwingine, akanifunga mimi. Nilimpenda. Watoto hupenda upesi hivyo, na sioni kwa nini tukiwa wakubwa tunajifanya tumesahau.

Chakula kikawekwa. Kwenye sinia letu tulikuwa wanne: mimi na Mwanaidi, Glory na mwenzake, mtoto mdogo wa darasa la kwanza. Tukanawa, mama akaomba, tukasema amina. Mwanaidi alikuwa ameshafinyanga tonge, finyango la nyama juu yake, mkono uko hewani, akauliza kwa sauti ya kawaida:

"Kachinja nani?"

Nilifungua mdomo. Glory akaniwahi.

"Baba yake Stella!" Akanipiga bega. "Wote wawili, peke yake! Si ndiyo, Stella?"

Wote watatu wakanitazama. Naapa kwamba nilikuwa na nafasi. Ilikuwa nafasi ndogo, lakini ilikuwepo.

"Ndiyo," nikasema.

Mwanaidi alirudisha tonge kwenye sinia, upande wake, kwa upole sana. "Nimeshiba," akasema, na alikuwa hajala punje. Akanyanyuka, akamshika mkono yule mdogo, naye akanyanyuka. Nikamwona anapita kwenye masinia mengine, anainama, ananong'ona. Akitoka sinia hili mtoto mmoja ananyanyuka, akitoka lile wananyanyuka wawili. Hakuna aliyelalamika wala kutema. Walinawa mikono, wakaenda kukaa ukingoni mwa baraza na soda zao na ndizi, wakawa watoto kumi na zaidi, wanachezesha miguu, hawatazami chakula.

Mimi nilielewa kwa akili yangu ileile iliyonieleza habari za mpapai. Nilielewa kwamba Mwanaidi hakuniamini. Amemwona baba yangu akipanga soda, mtu mwenye miwani na mikono laini, akajua hawezi kuchinja hata panzi, na sasa anawatangazia wenzake kwamba mimi ni mwongo na baba yangu mwoga. Machozi yalinijaa. Nikajaribu kuufungua ule uzi wa shanga mkononi, ukakataa, nikauma fundo kwa meno.

Baba ndiye aliyegundua, maana mwenye kugawa soda huona nani amekaa wapi. Akamfuata mama mlezi, wakazungumza, na mama mlezi akasema kwa aibu, kama vile kosa ni lake:

"Watoto wanasema mbuzi umechinja wewe, Baba Stella."

"Mie?" Baba alicheka kwanza. "Mie nimeshika tu. Kachinja Mzee Awadhi, jirani yetu, Mwislamu safi. Si nilikupigia simu, ukaniambia nusu ya watoto ni Waislamu? Tungewaleteaje chakula wasichokula?"

Mama mlezi akageuka barazani akawatangazia. Watoto wakasikiliza kwa adabu. Hakuna aliyenyanyuka. Wakamtazama Mwanaidi, na Mwanaidi akasema, bila ukali wowote:

"Wageni wa siku ile nao walisemaga hivyohivyo, ili tule. Halafu ikawa siyo. Na huyu mtoto wake mwenyewe ndiye kasema."

Sijasahau uso wa baba. Hakukasirika. Alikuwa kama mtu aliyefika na funguo zake akakuta mlango umebadilishwa kitasa. Akaweka kreti chini, akaja kunichukua, tukaenda nyuma ya tangi la maji.

"Stella mama, kachinja nani?"

"Mzee Awadhi."

"Uliniona?"

"Nilikuona dirishani."

"Sasa mbona ukasema mie?"

Nilimwambia yote kwa mkupuo mmoja, na kamasi: kwamba Glory kasema anaogopa kuku, kwamba baba yake Glory anaweza kuchinja kwa dakika mbili, kwamba nilitaka na yeye awe amechinja, hata mara moja, hata kwa uongo. Baba alichuchumaa mpaka miwani yake ikawa sawa na macho yangu. Nilidhani atanipiga kofi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, lakini nililisubiri.

"Kule kwetu Njombe," akasema, "nilichinja fahali wa harusi ya shangazi yako na sikuwa na ndevu. Sipendi kumtazama mnyama akifa, hilo kweli. Lakini sijashindwa. Nikichinja mie, Krismasi Mzee Awadhi atakula wapi? Tutakula wenyewe, mlango wazi na hakuna anayeingia. Unataka hivyo?"

Nikatikisa kichwa.

"Na hawa leo wanalala na ndizi."

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilitazama pembeni ya tangi nikawaona ukingoni mwa baraza, yule mdogo wa darasa la kwanza ameegemea bega la Mwanaidi, harufu ya pilau imewazunguka wote. Mwanaidi hakunidharau. Aliniamini. Aliamini kila neno nililosema, na kwa sababu hiyo alikuwa na njaa. Nimefanya makosa mengi baadaye, mengine makubwa zaidi kwa vipimo vya watu wazima, lakini hakuna lililowahi kuniingia tumboni kama lile.

"Waambie wewe," nikamwomba baba.

"Nimeshawaambia. Hawakunisadiki, na mie nisingejisadiki." Akanifuta pua kwa leso yake. "Siwezi kukusemea, mama."

Ilikuwa hatua kama thelathini kutoka tangini mpaka barazani, na zote zilikuwa mbele za watu. Mama alikuwa pale na mwiko, mke wa mchungaji na sahani yake, Glory kwenye sinia letu na mdomo umejaa. Nikasimama mbele ya Mwanaidi. Sauti ilitoka nyembamba.

"Nilidanganya. Baba yangu hakuchinja. Kachinja Mzee Awadhi, wa dukani kwetu. Nimeona kwa macho yangu."

Nilisikia Glory akiacha kutafuna.

Mwanaidi alinipima kama alivyonipima mwanzo. "Mara ya kwanza ulikuwa unadanganya, au sasa hivi ndio unadanganya?"

"Mara ya kwanza."

"Apia."

Nikamtazama mama. Mwezi mzima alikuwa amesimama mbele yetu na chaki kutufundisha jambo hilo moja. Sasa alikuwa amesimama na mwiko, hajatikisa kichwa, hajakubali wala kukataa. Nikajaribu njia ya katikati.

"Haki ya Mungu."

"Hiyo kila mtu anasema," akasema Mwanaidi. "Hata wezi. Sema ile yenyewe."

Ile yenyewe niliijua. Nilicheza na wajukuu wa Mzee Awadhi tangu sijaweza kutembea, ningekosaje kuijua? Nilivuta pumzi, mtoto wa mwalimu wa shule ya Jumapili, na gauni langu jeupe la kwaya.

"Wallahi," nikasema.

Mke wa mchungaji alipaliwa na soda. Sikugeuka. Nilikuwa namtazama Mwanaidi tu, na yule mdogo aliyekuwa amenyanyua kichwa begani kwake. Kutoka kule kwenye masufuria nilisikia sauti ya mama, ileile ya darasani, ikisema chakula kinapoa, nani anataka kuongezwa nyama.

Mwanaidi hakuwa na haraka. "Sasa baba yako yeye kafanya nini?"

"Kashika miguu."

"Ya wote wawili?"

"Wote wawili. Mmoja alimrushia mateke akamchafua suruali yote, na hakumwachia."

Akafikiri. Nilivyomtazama, nikajua huyu mtoto ameshawahi kuwa karibu na mbuzi. "Mbuzi ana nguvu," akasema mwishowe. Akashuka ukingoni, akamshusha na yule mdogo, wakaenda kunawa, na nyuma yao baraza lote likanyanyuka. Tukarudi kwenye sinia. Alifinyanga tonge kubwa, akaweka nyama juu, akala. Yule mdogo akala kwa mikono miwili na hakuna aliyemgombeza.

Glory alikuwa ananitazama kwa macho makubwa. Baba alikuwa anapita na kreti lake la soda, suruali nyingine imemkaa vibaya, miwani imeteleza puani, na mimi nilishindwa kujizuia.

"Baba yangu kashika miguu," nikamwambia Glory kwa sauti ya kusikika sinia la tatu, ingawa hakuwa ameuliza.